Dagaa wa chanja pale Kibirizi: bei imechangamka, ila mchanga hakuna

Nina kibanda cha chakula Mwanga, hapa Kigoma, na wateja wangu hawana dogo. Mtu akitafuna punje moja ya mchanga, kesho anakula kwa jirani. Ndiyo maana mzigo wangu nachukua kwa mama mmoja pale mwalo wa Kibirizi, upande wa chanja.

Boti zikirudi alfajiri ananunua, anawatandaza juu ya wavu uliowambwa usawa wa kiuno. Upepo unapita juu na chini, kuku hafiki. Jua likiwaka vizuri, jioni wamekauka. Wapukute juu ya karatasi nyeupe uone: hakidondoki kitu zaidi ya magamba mawili matatu. Mgongo bado una rangi ya fedha, kichwa hakijachomoka, ukimvunja analia kach! Wale wa kuanikwa chini, maji ya tatu bado yanaacha mchanga kwenye sufuria, na vichwa nusu vimebaki humo humo. Halafu mtu anakwambia wake ni rahisi. Mchanga nao si umeulipia?

Sado yake iko juu kuliko ya wenzake, na nyongeza anatoa kwa kubana, vidole vitatu basi. Mzani pia hana. Hapo namkata alama.

Kilichonifunga kwake ni ukweli. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mjini walijaa dagaa wa Victoria wakiitwa wa Kigoma. Yeye alinijibu, "Dada, hawa ni wa Mwanza, wangu wameisha." Nikapika maharage, nikanung'unika sana, lakini sikudanganywa. Dagaa wachanga wa kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, pia hagusi, hata uje na hela mkononi. Kokoro limepigwa marufuku na bado wapo wanaolivuta usiku. Wasingelivuta kama wanunuzi wote wangekuwa kama huyu.

Mbalamwezi ikiwa pevu usiende bila kumpigia simu, maana taa za wavuvi hazifui dafu na meza yake huwa tupu. Na kama ni mzigo wa kupanda treni kwenda Tabora, mwambie awaanike tena siku ya pili. Wa siku moja wakifungwa kwenye kiroba wanafika na ukungu.