Gata zao nzuri, ufungaji wao umeniharibia ukuta

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kampuni iliyonifungia gata ilinichangamkia sana kabla sijalipa. Simu ilipokelewa papo hapo, mtu wa kupima akaja siku ileile. Walipomaliza, nyumba ilipendeza kweli, gata zimenyooka upande wote wa mbele. Kumbe huko kunyooka ndiko kulikokuwa na kasoro.

Mvua kubwa ilipokuja, maji hayakwenda kwenye bomba la kushushia. Yalijaa katikati, pale vipande viwili vinapoungana, yakamwagikia upande wa ndani na kuteremka na ukuta wa chumba cha watoto. Kulipokucha niliegemeza ngazi nikapanda. Maji yametuama kina cha vidole viwili, majani yameanza kuoza humo, na mdomo wa bomba pale pembeni mkavu kabisa. Siku nyingine nilipopanda nikakuta viluwiluwi vya mbu wanachezacheza.

Gata lazima ishuke kidogo kuelekea kwenye bomba. Hata nusu sentimita kwa kila mita 3 inatosha, na mtu akiwa chini haioni. Hiyo ni kazi ya uzi na pima maji, vitu ambavyo kila fundi anavyo. Hawa walifuata tu ukingo wa ubao wa paa, na vishikio wakaviweka mbalimbali mno, kwa hiyo gata ikijaa inabonyea katikati na maji yanazidi kukusanyika palepale.

Nikampigia msimamizi. Nikamweleza kwa upole, tena nikamtumia picha. Akanijibu, "Mzee wangu, hata ungefunga gata za dhahabu, mvua kama hii ingefurika tu. Sisi na wewe tulishamalizana." Akakata simu. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Mvua kubwa! Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20, hizo ni lita 2,000, na ndiyo maana watu wanafunga gata. Sasa lita zangu zinapita ukutani. Rangi imevimba malengelenge, ukibonyeza kwa kidole plasta inamung'unyuka, na ndani nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi wenye harufu. Mtu akija kununua nyumba au kupanga, hilo doa ndilo la kwanza kuliona, na hapo bei inaanza kushuka kabla hata hajauliza kuhusu vyumba.

Nilitaka kuwaambia msinunue kabisa. Lakini nisiwe mwongo: upande wa nyuma, ambako kipande ni kifupi na kimeinamia bomba vizuri, gata hizohizo zinafanya kazi safi. Zamani matone ya paa yalikuwa yamechimba kijifereji chini ya ukuta mpaka jiwe la msingi likaonekana. Sasa udongo umetulia, ukuta umekauka, na maji yanatoka mbali na msingi. Kwa hiyo gata zenyewe sina neno nazo. Nikiutazama upande huo nasema hawa wanastahili nyota tatu.

Halafu naingia chumba cha watoto, nanusa ule ukungu, nakumbuka "tulishamalizana". Hapana. Nyota moja. Bidhaa nzuri mikononi mwa mtu asiyejali inaharibu nyumba kuliko kukosa gata kabisa, maana angalau paa lisilo na gata linadondosha maji nje ya ukuta.

Kama bado mnawataka, msimalizie malipo siku ya kufunga. Mwageni ndoo nzima ya maji kwenye ncha iliyo mbali na bomba, msimamizi wao akiwa amesimama hapohapo, muone yanatokea wapi.