Waya wa uzi mmoja au wa nyuzi nyingi?

Kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi bila kulehemu, sina mjadala: uzi mmoja, unene wa milimita 0.6 hivi. Unaingia tunduni bila kubembelezwa, na ukiukunja unabaki hivyo. Wa nyuzi nyingi hapo hutawanyika, na unyuzi mmoja ukigusa njia ya jirani, ni shoti.

Redio ya boti pale Mikindani, Mtwara, au taa ya bodaboda, hutikisika kutwa. Uzi mmoja huchoka ukakatika, mara nyingi karibu na palipolehemiwa. Huko weka nyuzi nyingi. Ila hewa ya chumvi ya Mtwara hupenya katikati ya nyuzi, ikaila shaba hadi ndani ya plastiki. Tafuta zilizopakwa bati, ncha uzifunike kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Bei? Nyuzi nyingi huwa ghali kidogo, si la kukuzuia.