Kalibu ya kubana ganda zima, .308 Winchester: chuma kizuri, karatasi ya maelekezo mbovu

Kalibu hii hufungwa kwenye mashine na kulirudisha ganda la risasi lililokwisha kupigwa kwenye vipimo vyake, ili lijazwe tena; .308 Winchester ni aina ya risasi za bunduki. Kabla ya hii nilikuwa na kalibu inayobana shingo tu. Wanaoisifu wana hoja, kwa sababu mwili wa ganda hauguswi na shaba haichoshwi ovyo. Ila ganda likishapigwa mara kadhaa, mwili na bega (pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni) huwa vimeijaza chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi, na komeo linaloifunga kwa nyuma linaanza kufunga kwa kulazimishwa. Kwenye bunduki ya kuwindia sitaki hilo kabisa, ndiyo maana nikahamia kwenye kalibu ya ganda zima.

Ndani imesuguliwa vizuri, maganda yanatoka bila michubuko. Pini ya kutolea fataki (kile kiwashio cha baruti kwenye kitako) hubadilishwa peke yake ikivunjika. Na itavunjika ukiingiza ganda la Berdan, lile lenye vitundu viwili pembeni badala ya kimoja katikati, kwa hiyo chungulia kwanza maganda ya kijeshi ya zamani.

Kinachoniudhi ni ile karatasi. Inakuambia ushushe kalibu mpaka iguse kishikizi kinacholishika ganda kwenye mashine, kisha uizungushe kidogo zaidi. Kwa chemba nyingi hapo umeshalirudisha bega nyuma kupita kiasi. Risasi ikifyatuliwa, kuta za ganda hung'ang'ania chemba kwa mbele huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kwenye komeo, na shaba inavutika juu kidogo ya kitako. Mchezo huo ukijirudia, ganda hukatikia ndani ya bunduki. Halafu mtu analaumu maganda!

Mimi naweka kipande cha kupimia bega kwenye kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi), napima maganda yaliyotoka kwenye chemba yangu, kisha nashusha kalibu polepole mpaka bega lirudi kama milimita 0.05. Bunduki ya kujijaza yenyewe huhitaji zaidi, 0.08 hadi 0.1. Usishtuke ukiona bega linasogea mbele kabla halijaanza kurudi: mwili unabanwa, na shaba inatafuta pa kwenda. Tangu nianze kupanga hivi, ule mstari unaong'aa karibu na kitako, dalili ya shaba kuvutika, umekuwa nadra. Hata hivyo, kila ganda napitisha ndani waya uliokunjwa ncha. Nikihisi mfereji, nalibonda kwa koleo lisije likarudi mezani.

Kilainishi kinataka mkono mwepesi. Kikipungua, ganda linakwama na mashine inanyofoa ukingo wa kitako. Kikizidi, bega linapata vibonyeo. Lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) iliyochanganywa na alkoholi inanifaa, mradi alkoholi iachwe ikauke kwanza.

Kingine kinachoniudhi ni kile kitufe cha ndani ya kalibu cha kutanulia shingo. Kikipandishwa kwenye shingo kavu kinapiga kelele, kinaivuta na wakati mwingine kuipindisha. Paka kilainishi kidogo ndani ya shingo. Urefu nao upime baada ya kubana, si kabla, maana kubana ndiko kunakorefusha: mwisho kwa .308 ni milimita 51.18, na mimi nakata hadi 50.93, kisha nalainisha kingo ndani na nje.

Kuna jambo ambalo kalibu hailiwezi hata ikipangwa vizuri namna gani. Shaba ya maganda, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, huwa ngumu kila inapofinywa. Ukiona mabega yanatoka na vipimo tofauti wakati hujaigusa kalibu, ujue shaba imekuwa ngumu na inaruka kurudi. Joto huilainisha, lakini lipate shingo na bega tu; kitako kikilainika, ganda hilo ni la kutupa. Na msiyasafishe kwa dawa yenye amonia. Jeshi la Waingereza huko India liliona maganda yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi ndiyo iliyokuwa ikiyala.

Nyota nne. Mwenye kalipa na subira ainunue. Anayetaka kufunga na kuanza kubana jioni hiyohiyo, bila kupima, ataua maganda mazuri. Na vipimo ni vya bunduki moja: nyingine ya .308 niliyonayo ina chemba fupi kidogo, hivyo maganda yake yana kisanduku chake, nayo pete inayoshikilia kalibu mahali pake naipanga upya kila ninapobadilisha.