All in one yangu: kioo kizuri, roho mbaya

Jamani msinunue all in one, hizi kompyuta ambazo mashine yote imefichwa nyuma ya kioo. Nasema mapema ili mwenye haraka zake apite, mwenye nafasi akae nimsimulie, maana hasira hizi nimezibeba toka msimu wa korosho uliopita na bado hazijapoa.

Nina stesheneri hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Kazi zangu mnazijua, kutoa kopi, kuprinti, kuskani, picha za paspoti, kuwajazia vijana maombi ya kazi mtandaoni, wanachuo wakiwa na ripoti za fildi wanajaa mpaka nje, na mnada wa korosho ukifunguliwa ndio hasa nakula, kwa sababu viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanakuja na madaftari yao niwachapie orodha, jina la mkulima, kilo, akaunti ya benki, na ukikosea tarakimu moja kwenye akaunti mzee wa watu hela yake haiingii na lawama zote zinakuja kwako.

Mashine niliinunua kipindi watu wanapulizia mikorosho salfa. Prosesa gani, RAM ngapi, sisemi, hayo yapo mtandaoni na wala hayajawahi kunisumbua, ilikuwa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Brandi nayo sitaji, sitafuti kesi.

Mwanzoni niliipenda mno. Meza yangu ndogo, nusu imekaliwa na printa na mashine ya laminesheni, lile CPU la zamani lilikuwa linakaa chini miguuni linanyonya vumbi, na nyaya zilivyojazana kule nyuma panya walishahamia. Hii ikaja na waya mmoja tu wa umeme, kibodi na mausi havina waya, kioo kikubwa, rangi zake sasa, mteja akiiona picha yake ya paspoti pale anaanza kujisifia mwenyewe. Jirani yangu anayeuza simu alikuja akasimama mlangoni akasema "we dada umeshahamia Ulaya". Kichwa kikanivimba.

Ila kile kioo ni cha kung'aa, na duka langu mlango unatazama barabara. Ikifika saa nane mchana herufi sizioni, naona uso wangu na bodaboda zinazopita nyuma yangu. Barua za watu nimezichapa shingo upande. Halafu wateja hawaishi kukigusa, "hapa dada, jina langu lina h", kidole kimetoka kwenye korosho za kukaanga, alama hiyo, nifute, anakuja mwingine. Ile ya tachi wapeni wanaoitaka, mimi siwezi kulipia zaidi ili vidole viongezeke. Mimi nataka kioo kisichorudisha mwanga, basi.

Na tundu za USB, hivi nani alikaa akaamua zote zikae nyuma? Sisi wa stesheneri tunachomeka flashi kuliko tunavyopokea salamu. Kila mteja napapasa nyuma ya mashine bila kuona, flashi haiingii, naigeuza haiingii, naigeuza tena kama mwanzo ndio inaingia, na muda wote huo kioo kizima kinatikisika juu ya kile kimguu chake. Tundu moja likalegea mapema, lingine likaanza kutu maana hewa ya huku ina chumvi, bahari si iko hapo. Tundu mbili za pembeni zingemgharimu nini mtu aliyeweza kutengeneza kitu chembamba vile?

Lakini hayo yote ningeyameza. Tuje kwenye lenyewe.

Mnada wa pili au wa tatu hivi, nimeshachapa orodha ya AMCOS moja karibu yote, umeme ukakatika. Hilo sio la ajabu, gesi inatoka Msimbati hapo, bomba limefika Dar toka 2015, na sisi wenye gesi tunawasha mishumaa, hayo tuyaache nisije nikatoka kwenye mada. UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme kidogo, ikapiga kelele, nikaseivu, nikazima mashine vizuri kabisa. Umeme ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa nguvu, taa ya dukani ikawa nyeupe ghafla, nikasikia "tik" ndani ya kioo, halafu harufu. UPS yenyewe ikafa hapohapo. Nikabonyeza swichi weee, kioo cheusi.

Sasa kwa kompyuta ya kawaida yenye CPU lake pembeni hii ni kazi ya mchana mmoja. Pawa saplai, ile inayoigawia mashine umeme, imeungua, unafungua skrubu, unatoa, unaweka nyingine hata ya mtumba, maisha yanaendelea. Na kama una haraka unachomoa diski unaipachika kwenye mashine ya jirani, unaprinti orodha ya watu wanaondoka. Nikamwita fundi wangu, kijana mmoja mikono yake naiamini sana. Akaizungusha mashine, akaitazama nyuma, akailaza akaitazama chini, akapitisha ukucha pembeni mwa kioo. Akanyamaza. Halafu akasema, "Dada, hii haina skrubu. Kioo kimegandishwa kwa gundi. Pawa saplai iko ndani, SSD yenye kazi zako iko ndani, kuingia ni kwa kupitia usoni. Kikipasuka utanidai, na mimi sina."

Kwa kupitia usoni! Yaani mtu akiumwa tumbo umpasue uso.

Akanieleza wala walionitengenezea yangu sio wa kwanza. iMac, all in one za Apple, za 2009 mpaka 2011 kioo cha mbele kilishikwa na sumaku tu, unakivuta kinatoka, kuanzia 2012 wakaleta gundi. Na haohao Apple mwaka 2021, kwenye ile ya inchi 24, pawa saplai wakaitoa nje kabisa, ikawa adapta inayokaa sakafuni, hata waya wa intaneti unaweza kuchomekwa kwenye adapta. Walifanya ili mashine iwe nyembamba, hawakuwa wanatuonea huruma sisi wa Mtwara, lakini faida inakuja kwetu, umeme ukipiga wa kwanza kupigwa ni adapta, na adapta ni kitu unanunua kinaletwa kwa basi. Mimi yangu moto wote umewekewa tumboni.

Wakulima wanasubiri. Katibu anapiga simu, asubuhi ilikuwa "dada yangu vipi", jioni ikawa "sasa wewe mama". Orodha ipo, nimeiseivu kwa mkono wangu, iko ndani ya kile kisahani cheusi juu ya meza yangu na hakuna njia ya kuifikia. Usiku ule nikarudia yote upya kutoka kwenye daftari la penseli, kwa laptopu ya kuazima ambayo herufi n haibonyezeki. Wewe jaribu kuandika Newala, Nanyamba, Nachingwea bila n.

Waranti ilikuwa hai. Nikairudisha kwenye boksi lake na maboya yake, nikapanda nayo basi, kilomita zaidi ya 500 nimeipakata maana kwenye buti sikuwaamini. Mbagala alfajiri, Kariakoo duka likifunguliwa nipo mlangoni.

Kaka wa kaunta. Msafi, ananukia, simu haimtoki mkononi. Salamu hakuitikia, sawa. Sijamaliza kueleza akaniuliza, "Umetokea wapi?" Mtwara. Akacheka, akamgeukia mwenzake, "Mtwara huyu." Kisha akanirudia, "Dada, hizi mashine ni za ofisi zenye AC. Huko kwenu kwenye korosho mngechukua tu yale maCPU makubwa makubwa."

Mbele ya watu. Nina boksi mikononi, sijalala.

Huko kwenu! Siku nanunua ni yeye huyuhuyu, hakuniuliza kama nina AC, aliniita mama, akanipa na maji ya baridi, akanibebea boksi mpaka kwenye bajaji. Hela ya korosho ilipokuwa inahesabiwa hapo kaunta haikuwa ya "huko kwenu". Akawasha tochi ya simu, akamulika pembeni, akasema kuna mkwaruzo, imefunguliwa, waranti hakuna. Haijafunguliwa! Gundi haijaguswa, mtu yeyote mwenye macho anaona, fundi wangu alikataa hata kuijaribu. Nikamuuliza, na kazi zangu zilizomo ndani? "Data hatuhusiki." Nikamwambia niitie meneja. "Meneja mimi." Akarudi kwenye simu yake.

Hapo ndio nilisema, hata wanipe bure na soda juu, kompyuta ya aina hii haiingii tena dukani kwangu. Na nilimaanisha.

Nikatoka natetemeka. Mtaa wa nyuma nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, meza yake koridoni. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, kaa kwanza." Akaniagizia chai hata kabla hajajua nina shida gani. Akapasha kingo za kioo kwa ile mashine ya upepo wa moto, akaingiza kadi ya benki iliyokwisha muda, akaitembeza taratibu kuzunguka kioo chote, huku anabishana na mwenzake habari za Simba na Yanga wala hatazami mikono. Kioo kikaachia, kizima. Ndani pawa saplai ndogo, kapasita moja imefura kichwa, pembeni doa jeusi, na ubao mkuu nao umekwenda. SSD salama. Na unajua ilikuwa imeshikiliwa na nini? Skrubu moja. Moja! Kazi zangu zote zimeshikiliwa na skrubu ya kufungua kwa kuhesabu mpaka tano, halafu mtu mzima na digrii zake akaenda kuifukia nyuma ya gundi. Si wangeacha kamlango nyuma, kifuniko cha skrubu mbili, tufike kwenye diski na RAM, basi hata hiyo gundi wajipake mpaka masikioni.

Mzee akanipa na wazo. Kile kioo kilikuwa kinafanya kazi, kilichokosekana ni njia ya kukipelekea picha, maana mashine ilikuwa na HDMI, lile tundu la waya wa picha, ya kutoa tu, ya kuingiza haina. Akanifungia kaubao ka kuendeshea LCD, vinauzwa humohumo Kariakoo, kikawa monita. Kitu ambacho kiwandani wangeweka toka mwanzo! Baadhi ya iMac za kati ya 2009 na 2014 zilikuwa zinaweza kugeuka kioo cha mashine nyingine, zilizofuata wakaiondoa, na watengenezaji wengine wachache wenye HDMI ya kuingiza wanaiandika kimaandishi madogo kana kwamba haina maana. Kwangu mimi ndio kitu cha kwanza nitakachouliza dukani, kabla ya bei. Mashine ikifa kioo kibaki.

Cha pili betri. Laptopu ya kuazima, mbovu, haina n, umeme ukikatika inaendelea kama haijasikia, mashine ya bei mbaya inazima papo hapo. Na usiniambie haiwezekani, Sony mwaka 2012 walitoa Vaio Tap 20, kioo cha inchi 20 na betri ndani, unaibeba toka chumba hiki kwenda kile. Sihitaji ya kubeba, nahitaji dakika chache za kumalizia ukurasa na kuzima bila presha.

Sasa nimewaambia msinunue, na haya yote nayaandika mbele ya kioo kilekile. Kinaegemea ukutani, kingo zimebanwa na selotepu, kaubao kananing'inia nyuma, lile CPU la zamani limerudi miguuni na nyaya zake zote, na bado sijawahi kuwa na kioo kizuri kama hiki, wateja wa paspoti bado wanajisifia. Meza ikijaa nyaya naikumbuka ile mashine, naikumbuka kweli. Kwa hiyo msinunue. Au nunueni, sijui, inategemea una fundi kama yule mzee au huna.

Mwenye kujua wanakouza yenye adapta ya nje, kamlango nyuma, USB pembeni na HDMI ya kuingiza, aniambie kabla minada haijaanza, nitaichukua. Dar sawa, Masasi sawa, popote. Ila duka la yule kaka msinitajie, hata kama ndio anayo peke yake nchi nzima.