Duka la kina mama wabanguaji, Mtwara mjini: nunueni, ila tawi lisubiri

Nitangulize kusema kwamba nina hisa katika duka hili, anayesoma ajue anamsikiliza mwenye mali. Kazi yangu lakini ni ukarani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya korosho, nashinda na vitabu vya hesabu, na duka bovu silisifii hata likiwa la kwetu.

Lipo upande wa Chuno, fremu moja na stoo nyuma. Kina mama wanaobangua korosho walichangishana hisa ili waachane na mchele na mafuta ya kupimiwa kwa vikopo. Yeyote anaruhusiwa kununua, ila mwanachama ana kadi na kila anachochukua kinaandikwa. Mwisho wa mwaka faida inagawanywa kufuatana na ulichonunua, wala haijalishi una hisa ngapi. Ndivyo walivyofanya wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, na sijaona mgawo wa haki kuliko huo.

Ninachokipenda zaidi ni ubao. Umetundikwa juu ya mizani, umeandikwa kwa chaki: bei ya jumla, nauli ya kuleta mzigo, bei ya kuuzia. Mchele ukipanda unajua umepandia wapi. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alimwambia muuzaji, "Mwanangu, hiyo nauli ya sukari mbona ya juzi?" Muuzaji akachukua kitambaa, akafuta, akaandika upya, akampunguzia. Nionyesheni duka jingine mjini hapa ambalo mteja anasahihisha bei na anasikilizwa.

Sasa korosho. Zinabanguliwa na wenyewe na kufungwa kwenye nailoni iliyozibwa kwa moto wa mshumaa. Chukueni nzima, nyeupe. Ukiivunja inakatika kwa mlio, ndani haina unyevu, na ile ngozi ya kahawia imetoka yote bila kukwanguliwa na kisu. Hapo unajua zilikaushwa kwa subira. Za vipande ni za bei nafuu na kwa kupikia mchuzi zinafaa kabisa, ila siku nyingine nimekuta zina vumbi la ngozi. Zilizokaangwa wamezidisha chumvi, na nimeshawaambia.

Kasoro kubwa ni daftari la madeni. Kuanzia masika mpaka minada ianze Oktoba, nyumba nyingi hazina kitu, na muuzaji ni shoga au wifi wa mkopaji, atamnyimaje unga? Naelewa. Lakini mtaji ukishaingia daftarini, rafu zinabaki wazi, na anayekuja na taslimu anakwenda kwa mwingine. Wale wa Rochdale waliuza taslimu tu, nao walikuwa maskini. Hapa kwetu wazee ukiwatajia duka la ushirika wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu yalipofungwa na ya kijiji yakakosa bidhaa. Ukiwaonyesha rafu wazi, hawarudi.

Na juu ya hilo, uongozi unataka kufungua tawi Mikindani. Mwenye fremu amewapa bei nzuri, sharti lake ni mkataba wa miaka kadhaa. Nilipolisikia hilo moyo ulinipasuka, kwa sababu nilipokuwa nasoma ushirika kule Moshi kisa cha duka la ushirika la Hyde Park, Chicago, kilinikaa. Watu wa mtaa ule walianza mwaka 1932, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, wakinunua vyakula kwa pamoja. Wakakua hadi kuwa na supamaketi ya maelfu ya wanachama. Mwaka 1999 wakafungua tawi mtaa wa 47. Halikuuza vya kutosha, wakalifunga 2005, lakini mkataba wa pango uliendelea kuwadai. Kodi ya jengo tupu ikawa inalipwa na duka mama. Januari 2008 duka mama nalo likafungwa, baada ya miaka 75. Wateja wa duka mama walikuwepo mpaka mwisho. Lililowaua ni deni, na pango lile ndilo lililolinenepesha.

Wenye duka la ushirika la Park Slope, Brooklyn, New York, walianza 1973 na mpaka leo wana duka moja tu. Wanachama wamepita 15,000, na wanapeana zamu: kupanga rafu, kupokea mizigo, kukaa kwenye kaunta. Kwa hiyo mishahara haiwaelemei na bei inashuka. Zamu kama hizo tunaziweza. Kina mama hawa wanabangua pamoja kila siku, kusaidiana stoo Jumamosi si mzigo kwao.

Bidhaa nawapa alama za juu, na uwazi wa bei nawapa zote. Nendeni asubuhi, korosho nzima zikiwa bado zipo, na anayetaka hisa aulizie kaunta kabla ya mkutano mkuu ili awe na kura. Yangu kuhusu Mikindani ni hapana, mpaka daftari la madeni lifungwe na mwenye fremu akubali mkataba wa mwaka mmoja mmoja.