Kamera ya getini ilikuwa inazima kila giza likiingia, kumbe ni waya

Ukienda Kariakoo kununua boksi la waya wa mtandao kwa ajili ya kamera, nenda na wembe. Nasema kweli. Waya niliouziwa mimi ni wizi mtupu, na hasira haijaniisha.

Nina stoo ya vinywaji vya jumla Mbagala. Fundi alinishauri tufunge kamera za PoE, yaani umeme na picha vinapita kwenye waya mmoja kutoka kwenye swichi, kile kiboksi cha kuunganishia waya za mtandao, iliyoko ofisini. Hakuna kuvuta umeme hadi kila kona, hakuna adapta zinazoning'inia kwenye mvua, na umeme ukikatika, UPS moja, ile betri ya akiba, chini ya meza inabeba swichi na kamera zote. Nikapenda. Mambo ya wati na matundu ya swichi mtayakuta kokote, sitawachosha.

Mchana kila kitu safi. Giza likiingia tu, kamera ya getini inazima. Inawaka, inaonyesha picha kidogo, inazima tena. Na getini ndiko yanakoingilia magari ya mizigo! Za karibu na ofisi wala hazikusumbua. Fundi akabadilisha kamera, akabadilisha vichwa vya waya, akahamia tundu jingine kwenye swichi, wapi! Mwisho akakata kipande cha ule waya, akatoa uzi mmoja wa ndani, akaukwangua kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka kama unga, chini yake nyeupe: alumini. Akaukunja huku na huku, ukakatika.

Usiku kamera inawasha taa zake za kuonea gizani, kwa hiyo inakula umeme zaidi. Alumini inazuia umeme kuliko shaba kwa nusu na ushee zaidi, na kutoka ofisini hadi getini ni kama mita 80. Umeme unapotelea njiani, unageuka joto, unaofika hautoshi. Halafu boksi limeandikwa Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao, tena shaba mia kwa mia! Viwango vya Cat6 vinataka shaba, si alumini iliyopakwa shaba.

Nikarudi dukani na kipande changu na risiti. Yule kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, kamera zako ndizo mbovu. Waya huu tunauza kila siku." Nikamwonyesha palipokwanguliwa. "Kwani wewe umeme unaujua, mama?" Mbele za wateja! Nikamwita mwenye duka, naye akanionyesha maandishi ya chini kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Amechukua bei ya shaba, ametoa alumini, na bado ananitolea macho mimi.

Siku ile nilimwambia jirani yangu aachane kabisa na PoE, aweke adapta. Naifuta kauli hiyo. Fundi alivuta waya wa shaba kweli hadi getini, boksi lake zito hasa ukilinyanyua, na tangu hapo kamera haijazima, masika yote. Kuna siku alichomeka kompyuta yangu kwenye tundu la swichi linalotoa umeme, nikapiga kelele nikijua imeungua. Haikuwa na neno. Swichi inakipima kwanza kifaa, kisipojitambulisha kuwa kinahitaji umeme, haikipi. Aliyebuni kitu hiki alifikiri.

Basi nyota tano. Hapana, hizo ni za teknolojia yenyewe. Kazi iliyoko kwangu siipi tano, kwa sababu kamera nyingine bado zinatumia ule waya wa alumini, umefungwa fungu moja juu ya dari, na fundi anasema fungu kama hilo hupata joto kuliko la shaba. Zinafanya kazi, ndiyo, lakini mimi silali vizuri. Dari lazima lifunguliwe. Gharama hiyo nawadai wale wa dukani, na risiti yao ninayo.