Guta lenye rampu, Sakina hadi mjini Arusha: nalipia, kwa hiyo nasema

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mbili, moja ya chuma na nyingine ya karatasi, nitazieleza zote.

Natumia kiti mwendo. Uti wa mgongo ulivunjika shingoni: miguu haifanyi kazi, mikono inainuka ila vidole havikunji. Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii karibu na Mnara wa Saa. Najibu barua pepe za wageni, natafuta vyumba vya hoteli, nakokotoa gharama za safari za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Nagonga herufi moja moja kwa kalamu iliyofungwa kiganjani, na pole kwa hilo sihitaji. Ofisini wenye vidole kumi ndio wananiletea bei zao nizihakiki. Nasema haya mapema ili mjue anayeipima huduma hii ni nani. Mwenye mikono ya kujisukuma mwenyewe ataipima vingine.

Chombo chenyewe ni guta la matairi matatu, lile la mizigo, lililobadilishwa ili mtu apande akiwa amekaa kwenye kiti chake. Wengi wanauliza kwa nini isiwe bajaji. Bajaji injini yake iko nyuma, chini ya abiria, kwa hiyo mlango wa nyuma hauwezekani. Ukitaka kuipanda, unapita ubavuni, na kupita ubavuni maana yake ubebwe, kiti kikunjwe na kifungwe pembeni yako. Kubebwa ni kazi ya wanaume wawili, na kila mmoja ana mahali anapoona panashikika vizuri. Wanawake wenzangu wananielewa. Guta injini yake iko mbele, chini ya dereva, huku nyuma ni sakafu tupu. Fundi wa kuchomelea ameweka paa, turubai la pembeni linaloshushwa mvua ikija, mlango wa nyuma na rampu ya chuma inayokunjwa. Vijana wa kijiweni wanaliita Kabati, na ukiliona likija kutoka mbali huwezi kuwalaumu.

Mwenye guta mwenyewe anatembelea magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio. Mtaji aliupata kwenye mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Anayeendesha ni kijana aliyemwajiri.

Huyo kijana ndiye sababu kubwa ya nyota nne. Siku ya kwanza nilitoka na mama, na dereva aliniuliza mimi: "Dada, mkanda wa kifuani tukuwekee au unakubana?" Inaonekana jambo dogo. Madereva niliowahi kuwakodi huko nyuma walikuwa wanamuuliza mama: anashuka wapi, anaumwa nini, anaweza kukaa? Nami nipo hapo hapo, mwenye pesa ni mimi. Mjini pia, nikiwa na sare ya kazi na kitambulisho shingoni, kuna mtu atapita aniwekee mia tano mapajani na kuniombea kwa Mungu. Kwenye Kabati pesa inatoka kwangu kwenda kwa mwingine, na dereva akichelewa anaomba radhi kama anavyomwomba mteja yeyote.

Hachelewi sana lakini. Saa moja kasoro dakika ishirini yuko getini, saa mbili kasoro niko ofisini, foleni ya Sanawari ikiwa na huruma. Kwa daladala sikuwa na hata saa ya kukisia. Konda anaona kiti, anagonga bodi, gari linaondoka. Mstaarabu kidogo anakwambia, "Subiri ya nyuma, dada," na ya nyuma nayo ina ya nyuma yake.

Sasa chuma. Sakafu ya guta iko sentimita 62 kutoka chini na rampu ina mita mbili. Kipimo kinachokubalika kwenye majengo ni kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Kwa sakafu hiyo ingetakiwa rampu ya karibu mita saba na nusu, ambayo ingefika kwa jirani. Kwa hiyo huu si mteremko wa kujipandia, ni wa kusukumwa, na asiyekuwa na nguvu atafute msaidizi. Kushuka ni kinyumenyume siku zote, dereva akiwa chini yako. Masika chuma kilikuwa kinateleza mno. Nililalamika, wakachomelea vipande vya nondo vya kukingama, na sasa matairi yanashika. Bado ni mkali, na mtu mwenye kiti kizito cha betri nisingemshauri ajaribu.

Ndani kuna kulabu nne sakafuni na mikanda ya kukazia mizigo. Kiti hakisogei hata kidogo. Tatizo lilikuwa springi. Zimetengenezwa kwa ajili ya mifuko ya saruji, zikibeba mtu mmoja zinarusha, na barabara yetu ya ndani kabla ya kufika lami ni mashimo kwa mawe. Asiyejua atasema vumilia. Ngozi yangu ya makalio haina hisia, na ngozi isiyo na hisia haikwambii inapochubuka. Unakuja kuona kidonda kikiwa tayari, na kidonda cha kukalia kinaweza kumlaza mtu miezi, hadi kazini kwake wakamsahau. Dereva alitatua kwa akili ya Kiarusha: aliweka mifuko miwili ya mchanga chini ya mbao za sakafu ili springi zipate uzito, akapunguza upepo wa matairi kidogo. Inasaidia kuliko nilivyotegemea. Mto wa hewa wa kukalia bado ni lazima, uje na wako.

Asubuhi siko peke yangu. Tunamchukua mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, anayesoma shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, na yeye hushuka kwanza. Shule ya msingi ya serikali haina ada, tunashukuru, ila kwa mtoto huyu ada haikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa kilomita mbili za mlima. Bibi yake alikuwa anambeba mgongoni, mtoto akakua, mgongo wa bibi ukakataa, akakaa nyumbani. Haongei. Akitaka kusema ndiyo anaangalia juu, hapana anafumba macho. Dereva alifundishwa na bibi, na kila asubuhi akishafunga mikanda anamuuliza, "Twende, bosi?" kisha anasubiri mpaka macho yapande. Wakati mwingine inachukua muda, magari yanatupigia honi nyuma, naye hawashi injini. Nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao hawajaweza kunisubiri nimalize sentensi.

Pale shuleni wenzake wanagombania kumsukuma hadi darasani, na bibi siku hizi anafungua genge lake saa moja badala ya saa nne. Tukihesabu waliorudi kwenye shughuli zao kwa sababu ya guta moja, huyo bibi naye awemo.

Bei: 220,000 kwa mwezi, asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Safari moja ya kukodi ni 7,000. Ni ghali, sitazunguka. Jirani yangu anafika mjini kwa mia chache. Nilimwekea bosi hesabu mezani, tukakubaliana ofisi ilipe nusu. Alikunja uso kidogo, akalipa. Bosi wangu si mtu mbaya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu wenye ulemavu. Sisi tuko 24, na asilimia tatu ya 24 haifiki hata robo tatu ya mtu, kwa hiyo kwa kuniajiri mimi tu alishaitimiza. Mlango wa choo cha ofisi ulipanuliwa na fundi mmoja kwa siku moja, meza ikainuliwa kwa matofali. Kazi ilikuwepo na mimi nilikuwepo. Kati yetu ndipo palipokuwa na shida, Sakina hadi Mnara wa Saa, na hiyo asilimia tatu inahesabu walioko kwenye orodha ya mishahara tu, haimhesabu aliyeachwa kituoni.

Sababu ya karatasi ndiyo hii. Kadi ya chombo inasema mizigo, na bima ni ya chombo cha mizigo. Siku likipinduka, bima itaniuliza mimi ni mzigo wa aina gani. Nimemwambia mwenye guta uso kwa uso: aende LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, aende kwa watu wa bima, aniambie inagharimu kiasi gani, na wateja wa mwezi tuko tayari kuongeza kidogo. Ameahidi. Nyota ya tano iko mfukoni mwangu, inamngoja.

Jambo jingine, guta ni moja. Likiharibika, tunaokwenda nalo wote tunabaki nyumbani siku hiyo. Mwambie bosi wako mapema, na ukiweza panga kazi za kufanyia nyumbani.

Kwa sasa linazunguka Sakina, Mianzini, Sanawari na katikati ya mji. Njiro na Moshono bado. Nafasi ya asubuhi imejaa, ila kuanzia saa nne hadi saa nane mchana lipo wazi, zuri kwa wanaokwenda kliniki au benki. Piga simu jioni ya kabla, si asubuhi ile ile, na mtajie upana wa kiti chako: mlango una sentimita 75, na viti vingine vyenye pete pana za kusukumia havipiti mpaka zifunguliwe.